Inanukia ila sio aromatiki

Chungwa, peremende na kafuri viliniponza maksi sita. Ilikuwa form six, mtihani wa ndani tu sio ule wa taifa, swali linasema taja kampaundi tatu za aromatiki na useme zinapatikana wapi, na mie mtoto wa Pemba niliyekulia kwenye harufu tangu sijaota meno nikaliona lile swali ni sadaka kabisa. Nikaandika limonini ya ganda la chungwa, mentho ya peremende, kafuri. Nikachora na maumbo yake, maana zote tatu ukizichora unakuta pembesita humo ndani, na mie nilishasikia darasani kwamba aromatiki ni mambo ya pembesita, basi nikarudisha karatasi natembea kifua mbele.

Ikarudi na alama tatu za kosa. Pembeni mwalimu kaandika kwa kalamu nyekundu, "Aromatiki sio kunukia mwanangu."

Jamani nilikasirika. Kwa sababu neno lenyewe, lugha yoyote utakayolitafuta, ni harufu nzuri. Unamwita mtu Mrefu halafu unamwambia mwenzio sio kwamba ni mrefu, ni jina tu? Ila ndio hivyo hivyo, na imenichukua miaka mingi kuelewa kwamba wakemia walilichukua neno kwenye duka la uvumba, wakalitumia wee mpaka harufu ikaisha, wakabaki na neno.

Na uvumba wenyewe ni wetu. Hapo ndipo mie huwa nasisimka.

Anzia kwenye chetezo. Pwani hii hakuna harusi wala maulidi wala arubaini ya mtoto inayopita bila chetezo kuzungushwa nyumba nzima, na neno letu ubani tumelitoa kwa Waarabu, lubani. Sasa Waarabu walikuwa na lubani ya kawaida, ile ya Oman na Yemen na Somalia, halafu wakawa na utomvu mwingine mtamu zaidi uliotoka Sumatra, huo wakauita lubani jawi, ubani wa Jawa, (Sumatra na Jawa kwao lilikuwa kapu moja). Watu wa ng'ambo ya Mediterania walipoununua wakasikia ile "lu" ya mwanzo wakadhani ni kile kineno kinachotangulia majina kwenye lugha zao, wakakikata wakakitupa, ikabaki banjawi, ikapita Kireno na Kifaransa ikawa benjoim, benjoin, mwisho benzoini. Wakemia wakaupasha moto utomvu wakapata asidi wakaiita asidi ya benzoiki. Halafu 1833 Mjerumani mmoja, Eilhard Mitscherlich, akaichanganya ile asidi na chokaa akaichemsha, yakatoka majimaji maangavu kama maji ya kunywa, akayaita benzini.

Kwa hiyo benzini ni ubani. Jina lake namaanisha, sio uende ukachome. Na kichekesho ni kwamba leo nchi nyingi za Kiarabu ukienda sheli unaomba banzini ukimaanisha petroli, yaani neno limetoka kwao likiwa ubani limezunguka Ulaya karne kadhaa likarudi likiwa mafuta ya gari.

Ila Mitscherlich hakuwa wa kwanza kuyaona yale majimaji. Miaka minane kabla, 1825, Michael Faraday (huyu huyu wa umeme) aliletewa mabaki yaliyotuama kwenye mitungi ya gesi ya taa London. Gesi ile ilitengenezwa kwa kupasha mafuta ya nyangumi na samaki, ikashindiliwa kwenye mitungi ikapelekwa majumbani kama tunavyoletewa mitungi na bodaboda leo, na kila ikishindiliwa inaacha majimaji chini. Faraday akayachemsha na kukusanya mvuke wake, kisha akayagandisha mpaka akapata kitu safi kinachochemka nyuzi 80 na kuganda nyuzi 5 na nusu. Hakukiita benzini, alikipa jina refu ambalo halikudumu.

Sasa tatizo lililowakosesha watu usingizi ni hili. Benzini ina kaboni sita na haidrojeni sita, basi. Kaboni sita zikishikana mkono kwenye mstari wa kawaida zinabeba haidrojeni 14. Hii ina sita tu, yaani kwa hesabu zote za kemia hiki ni kitu chenye njaa kali, kinapaswa kiwe na dabo bondi (kaboni mbili kushikana kwa mikono miwili badala ya mmoja) kibao na kirukie chochote kinachopita. Chukua mafuta ya kupikia, yana dabo bondi chache tu humo, ukiyatikisa na maji ya bromini ile rangi ya machungwa inayoyoma mbele ya macho yako. Wenye dabo bondi ndio walivyo, hawana subira. Benzini ukiifanyia hivyo hivyo haishtuki. Rangi haipotei. Maabara yetu shuleni benzini hatukuwahi kuiona (nitakuja kwenye sababu), tulitumia ndugu yake toluini, na nakumbuka tulitikisa ile chupa mpaka mikono ikauma na mwalimu kakaa kimya tu anatuangalia.

Mwenye sifa za kulitegua ni August Kekulé, Mjerumani aliyekuwa anafundisha Ghent kule Ubelgiji. 1865 akatoa wazo kwamba zile kaboni sita hazijapanga mstari, zimeshikana duara, na dabo bondi tatu zimepachikwa moja ndiyo moja siyo. Miaka 25 baadaye wakamfanyia sherehe Berlin, naye kwenye hotuba akasema alisinzia mbele ya moto akaota nyoka anajiuma mkia. Hii hadithi kila mwanafunzi wa kemia anaijua hata kama hajui kingine chochote. Wapo wanaosema aliipamba, na wapo wanaomkumbuka Josef Loschmidt wa Austria ambaye 1861 alishachapisha kijitabu chenye benzini imechorwa na duara katikati, na huyu hana hadithi ya nyoka kwa hiyo hakuna anayemjua.

Lakini nyoka wa Kekulé alikuwa na dosari, na hapa naomba mnivumilie kidogo maana ndipo penye utamu. Kama dabo bondi tatu zimepishana na singo bondi tatu, pembesita lingekuwa na pande tatu fupi na tatu ndefu, kwa sababu dabo bondi ya kaboni ina urefu wa pikomita 134 (pikomita ni mita moja ikigawanywa vipande trilioni) na singo, ile ya mkono mmoja, 154. Kekulé mwenyewe aliona kuna kitu hakikai sawa, 1872 akajitetea kwamba zile dabo bondi zinabadilishana nafasi haraka haraka, sasa hivi ziko huku, sasa hivi kule. Mie hii naiita nadharia ya upatu. Wanawake sita wanacheza, mwezi huu anapokea huyu mwezi ujao yule, mwisho wa mzunguko kila mtu kapata. Inaeleweka, nzuri, na sio kweli.

1929 Kathleen Lonsdale, mwanamke mzaliwa wa Ireland aliyekuwa anafanya kazi Leeds, akapiga eksirei fuwele za kampaundi yenye pete ya benzini ndani yake akakuta pete ni bapa kama sahani na pande zote sita ziko sawa. Kwenye benzini yenyewe kila upande ni pikomita 139. Sio fupi sio ndefu, zote sita. Hakuna anayesubiri zamu yake.

Sio upatu basi. Ni sinia.

Nendeni walima wowote wa kwetu. Linaletwa sinia la pilau, watu sita mnalizunguka, mkibanana mnatosha. Hakuna aliyechorewa mstari kwamba huu wali ni wako na ule wa Juma, wali ni wa sinia. Elektroni za benzini ndivyo zilivyo, kila kaboni imetoa moja, zimekuwa sita, na hakuna jozi ya kaboni inayoweza kusema hizi mbili ni zetu, zimetandaa juu na chini ya duara zima. Na huo ndio uaromatiki wenyewe, elektroni kula sinia moja kwenye duara bapa. Harufu haimo kabisa kwenye maelezo.

Na ule ushirika una faida inayopimika. Dabo bondi moja kwenye pete ya kaboni sita ukiilisha haidrojeni inatoa joto la kilojuli 120 hivi kwa moli (kipimo cha wakemia cha wingi wa kitu). Tatu zingetoa 360. Benzini inatoa 208 tu. Zile kama 150 zilizopungua hakuna aliyeziiba, ni kwamba benzini ilishashuka chini na kutulia kwa kiasi hicho kabla hujaigusa. Ndiyo maana ile bromini ilipuuzwa: kuipokea kwa njia ya kawaida maana yake ni kuvunja sinia, kila mtu apewe kisahani chake, na nani anataka hivyo? Ukiilazimisha, ukatia chuma kama kichocheo, hapo inakubali ila kwa masharti yake. Haidrojeni moja inainuka, bromini inakaa pale pale ilipotoka, sinia halijaguswa. Mgeni anabadilika, karamu inaendelea. Nusu ya riaksheni nilizokariri form six ni hii hii moja wageni wakiwa tofauti, na laiti mtu angenisimulia hivi nisingekariri.

Halafu sio kila idadi inakubali kula pamoja. Erich Hückel 1931 akapiga hesabu, ikaja kujulikana kama kanuni yake, kwamba duara linataka elektroni 2, 6, 10, 14, unaongeza nne nne. Ukiweka 8 kwenye duara la kaboni nane sinia halikaliki, pete inajikunja kama beseni na kila dabo bondi inakaa kivyake na inarukia bromini kama zile za mafuta ya kupikia. Nane ni wengi kuliko sita lakini karamu hakuna.

Basi turudi kwenye karatasi yangu ya mtihani. Limonini ya chungwa ina pembesita kweli, ila lina dabo bondi moja tu ndani, nyingine iko nje kwenye mkia. Sinia gani hilo la mtu mmoja na nusu. Mentho haina dabo bondi hata moja. Kafuri ina moja tu, nayo ni ya kaboni na oksijeni, halafu imejikunja kama kikapu. Zote zinanukia mpaka kwa jirani na hakuna hata moja iliyo aromatiki. Mwalimu alikuwa na haki, maksi sita zilikwenda kihalali, nimeshamsamehe.

Siku hizi nafundisha tuisheni hapa Dar, vijana wa form five na six, na hili somo nalianzia jikoni. Nawaambia chukueni viungo vya pilau mtenganishe. Karafuu, aromatiki, kuna yujenoli. Mdalasini, aromatiki. Uzile, aromatiki pia. Pilipili manga ule ukali wake una pete. Iliki? Hapana! Kila mwaka wanakataa, wanasema tichaa iliki ndiyo inayonukia kuliko zote, nawaambia nuseni mpaka kesho, harufu yake kubwa inatoka kwenye kampaundi zisizo na pete ya namna hiyo. Mchaichai hapana. Manjano ndiyo, ile rangi yake ni pete mbili zimeunganishwa na mnyororo. Na pilipili kali, kile kinachokuunguza ulimi ni aromatiki kamili na hakina harufu yoyote ya maana. Nikifika hapo ndipo naona nyuso zinafunguka. Panadol unayomeza kichwa kikiuma ina pete, aspirini ina pete, Dettol ina pete, zile sahani nyeupe nyepesi za chakula cha kufungiwa ni mlolongo wa pete.

Karafuu naomba niikalie kidogo, ni ya kwetu. Msimu ukifika Pemba barabara inanuka, majamvi yametandazwa kila ua, watoto hawaendi madrasa kwa amani maana kila mtu anaitwa kuchambua. Karafuu zinakwenda huku, makonyo (vile vijiti vyake) yanakwenda kule, na makonyo hayatupwi, yanapelekwa kiwandani Wawi yanapitishiwa mvuke yanatoa mafuta. Mafuta ya karafuu sehemu kubwa ni yujenoli, kaboni kumi, na kwenye pete yake kuna mikono mitatu imepachikwa. Bibi yangu jino likimuuma alikuwa anasaga karafuu anaibandika, na miaka mingi baadaye nikakaa kwenye kiti cha daktari wa meno nikanusa ile dawa anayozibia nikajikuta niko uani kwa bibi. Sikukosea, madaktari wa meno wanachanganya yujenoli na oksaidi ya zinki, ni kitu cha kawaida duniani kote.

Na kuna hili ambalo watu wa kwetu wengi hawalijui. Mwisho wa karne ya 19 mpaka kama miaka ya 1920, vanilini ya kiwandani, ile ladha ya vanila, ilikuwa inatengenezwa kwa yujenoli. Pete ni ile ile, unasogeza dabo bondi ya mkiani halafu unaukata mkia. Na miaka hiyo nani alikuwa anauza karafuu kuliko wote duniani? Zanzibar, na sehemu kubwa ikitoka Pemba. Kwa hiyo kuna watu Ulaya walilamba aiskrimu ya vanila, na pengine walichokuwa wanalamba ni msimu wetu wa karafuu uliobadilishiwa mkia. Baadaye wakahamia kwenye mabaki ya mbao za kutengenezea karatasi, sasa hivi nyingi inatoka kwenye petroli.

Petroli, ndiyo. Nilisema nitafika kwenye kwa nini shule hazina benzini tena.

Sinia lile lile linaloifanya itulie ndilo linalosumbua mwili. Ini likikutana na benzini halina pa kushika, linang'ang'ana kuipachika oksijeni kwenye pete yenyewe, na vile vinavyotokea njiani vinafika kwenye uboho ndani ya mifupa, pale damu inapotengenezwa. Benzini inasababisha saratani ya damu, hili halina mjadala, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kundi la kwanza. Toluini je? Jina lake nalo limetoka kwenye utomvu wa kunukia, wa Tolú kule Kolombia, na tofauti yake na benzini ni kaboni moja tu iliyoning'inia nje kama mpini wa kikombe. Basi ini linashika ule mpini, linaugeuza, inakuwa asidi ya benzoiki, inafungwa na kitu kingine, unaikojoa. Asidi ile ile ya kwenye ubani! Sio kwamba toluini ni salama, ndiyo iliyomo kwenye tina ya rangi na kwenye gundi za viatu ambazo watoto wa mtaani wanavuta kwenye chupa, na inaharibu ubongo vibaya sana. Ila uboho haiuwindi kama mwenzake. Na petroli ina benzini kidogo ndani yake, kwa hiyo kaka zangu wa bodaboda mnaonyonya mpira kwa mdomo kuhamisha mafuta, nawaomba, tafuteni pampu ya mkono.

Mie mwenyewe jambo lililonifanya niache kuichukulia hii kemia kama ya mtihani tu ni harusi ya binamu yangu. Hina ya kawaida, ile ya majani, rangi yake inatokana na kampaundi yenye pete ya benzini imeungana na nyingine, inashika kwenye ngozi taratibu, rangi ya machungwa inaiva kuwa nyekundu. Lakini mabibi harusi wanataka nyeusi, wanataka piko. Na piko ni rangi ya nywele, ndani yake kuna pete ya benzini yenye naitrojeni mbili zimekaa zinatazamana, imetengenezwa kwa nywele sio kwa ngozi. Mara ya kwanza mara nyingi huoni kitu, mwili unaikariri tu. Binamu alishachorwa kwenye harusi ya dada yake, hii ilikuwa mara ya pili. Siku ya tatu mkono umevimba malengelenge, na malengelenge yamefuata maua yale yale, jani kwa jani, ungeweza kuyasoma. Makovu anayo mpaka leo na anavaa glavu za lesi kwenye picha zote.

Baada ya pale nikawa mtu wa kukagua kabati za watu. Vile vipira vyeupe vya kuweka kwenye nguo, zamani vilikuwa kafuri, leo vingi ni naftalini, pete mbili zimeungana, elektroni kumi, Hückel ameridhika. Na ukanda wetu huu wa malaria watu wengi wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, hawajijui mpaka siku yao. Kichanga mwenye huo upungufu ukimvalisha nguo zilizolala na naftalini chembe zake za damu zinaweza kupasuka, akageuka manjano. Shangazi yangu alikuwa amemtunzia mjukuu wake nguo zote kwenye sanduku limejaa vipira, miezi sita kabla hajazaliwa, kwa mapenzi kabisa. Nilimkalisha chini nikamwambia, Shangazi shikamoo, naomba nikwambie jambo usinielewe vibaya. Akaniangalia. Akasema mie watoto wangu saba wote nimewakuza na hivi vipira. Nikamwambia naam Shangazi, najua.

Tulifua nguo zote, tukazianika jua la siku mbili, tukavitupa vipira. Sasa kwenye lile sanduku ameweka karafuu za Pemba amezifunga kwenye kitambaa. Mende wanapita juu yake kama kawaida.